Kelele, Nati na Kukaza: Udhaifu wa Istilahi za Gitaa la Umeme

Istilahi ya ufundi haipimwi kwa uzuri wake masikioni, bali kwa kazi ambayo msomaji aweza kuifanya baada ya kuisoma. Kwa kipimo hicho twapenda kuchunguza sentensi ambayo mfasiri wa maelezo ya gitaa la umeme aweza kuiandika bila kusita: "Gitaa likipiga kelele, kaza nati iliyo shingoni." Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, maneno yake matatu yaweza kumfanya fundi au mwalimu wa muziki aharibu chombo cha thamani.

Tuanze na kelele. Neno hili hubeba kasoro mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni ya uzi unaotetema na kugusa freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa kukingama shingo. Sauti hii husikika hata gitaa lisipounganishwa na amplifaya. Ya pili ni ya umeme: koili zilizo chini ya nyuzi hunasa usumbufu wa umeme wa majumbani, ambao Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na spika hulia hata pasipo mkono kugusa uzi. Ni kasoro hii ya pili ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliishughulikia mwaka 1955, kwa kuunganisha koili mbili zinazobatilishana usumbufu huo. Hapana nati itakayoiondoa.

Tena, kelele ni hukumu, si jina. Katika ilimba ya Wagogo, kitundu huzibwa kwa utando wa buibui kusudi sauti ivume. Huko mvumo ni sehemu ya utamu. Istilahi yapasa kutaja jambo kwanza, na lawama ije baadaye. Kiswahili hakina upungufu hapa. Nyuki huvuma, upepo huvuma. Kitu kigumu kikipita juu ya kingine hukwaruza. Basi sauti ya umeme na iitwe mvumo, na ya uzi juu ya freti iitwe mkwaruzo.

Neno la pili, nati, lina hatari kubwa zaidi. Kila fundi alijua kuwa ni kile kipande cha chuma kinachozungushwa kwa spana, na kweli nati ya namna hiyo imo shingoni, kwenye ncha ya ufito wa chuma uliofichwa ndani ya mbao. Lakini Waingereza hutumia jina hilohilo kwa kipande cha mfupa au plastiki chenye mifuo, ambacho nyuzi hupitia zikielekea kwenye vigingi. Katika magitaa mengi ya Gibson vitu hivi viwili vimekaribiana sana. Atakayechukua tupa na kuchimba mifuo ilhali aliambiwa habari za ufito ataongeza mkwaruzo, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi. Atakayeulazimisha ufito aweza kuukata ndani ya mbao. Kipande chenye mifuo twaona kiitwe kizingiti, kwani nyuzi hupita juu yake kama mtu avukavyo mlangoni.

La tatu ni kaza. Kwa mazoea yetu, kinacholia kimelegea, na kilicholegea hukazwa. Hapa mazoea hayo hupotosha. Kuukaza ufito huinyoosha shingo, na shingo iliyonyooka mno ndiyo inayoleta mkwaruzo katika freti za mwanzo. Shingo hutaka mbonyeo mdogo. Fundi hubana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha hupima nafasi juu ya freti ya 8. Kwa magitaa mengi milimita 0.25 hivi hutosha. Nafasi ikikosekana, nati hulegezwa kidogo kidogo, isikazwe.

Wala si kila mkwaruzo watoka kwenye ufito. Ukisikika uzi unapopigwa wazi tu, mifuo ya kizingiti yaelekea kuwa imezama. Ukisikika kuanzia freti ya 12 kwenda juu, huenda nyuzi zimeshushwa mno darajani. Ukisikika mahali pamoja tu, pengine freti moja imeinuka kuliko jirani zake.

Wako watakaosema kuwa mafundi waachiwe maneno yao ya kukopa. Hatupingi mkopo: freti, koili na amplifaya havimpotoshi mtu. Twapinga mkopo unaokuta kiti kimekwisha kukaliwa na kitu kingine, kama nati.

Twapendekeza basi istilahi hizi zijadiliwe:

Mkwaruzo: sauti ya uzi unaogusa freti.
Mvumo: sauti ya usumbufu wa umeme katika spika.
Kizingiti: kipande chenye mifuo kichwani mwa shingo.
Ufito: chuma cha kurekebisha shingo, nati yake iitwe nati ya ufito.
Mbonyeo: mpindo mdogo wa shingo unaoupa uzi nafasi ya kutetema.

Kabla hazijasanifishwa, na zisomwe mbele ya fundi mwenye gitaa mkononi. Akishika mahali panapostahili bila kuuliza, istilahi imefaulu.