Sifa za Wapekuzi wa Sarafu

Pesa ndogo haina heshima. Tunaipokea kiganjani, tunaitia mfukoni bila kuitazama, mwisho inaishia kwenye kopo juu ya friji. Kila mtu huihesabu. Wanaoisoma ni wachache. Hao wachache ndio ninaotaka kuwasifu: watu wa Marekani wanaokwenda benki kununua sarafu kwa thamani yake ileile, wakazibeba nyumbani, wakazipekua moja moja, kisha wakazirudisha zile wasizozihitaji. Wapo wanaoona huko ni kupoteza muda. Mimi naona ufundi, tena ufundi wa macho, ambao haudai mtaji mkubwa wala kumdhulumu mtu.

Benki za huko hutoa sarafu zikiwa zimefungwa kwa karatasi ngumu, bunda kwa bunda. Bunda la senti moja moja lina sarafu 50, la senti tano lina 40, la nusu dola lina 20. Mpekuzi aliyekolea huagiza sanduku zima la mabunda 50. Sanduku la nusu dola ni sarafu 1,000, yaani dola 500 taslimu, na akishamaliza kulipekua, zile dola 500 bado ni zake. Kinachomtoka ni muda, mafuta ya gari na nguvu za mgongo, maana sanduku hilo ni zito.

Anachokisaka zaidi ni fedha, madini yenyewe. Mpaka mwaka 1964, senti kumi, robo dola na nusu dola za Marekani zilikuwa na asilimia 90 ya fedha. Fedha ikapanda bei, sarafu zikaanza kuadimika mikononi mwa watu, na Julai 1965 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria iliyoiondoa kabisa kwenye senti kumi na robo dola. Nusu dola ilibakiziwa asilimia 40 hadi mwaka 1970, nayo ikanyang'anywa. Sarafu mpya zikawa na moyo wa shaba uliofunikwa pande mbili kwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwenye kaunta ya duka, ya zamani na mpya zina thamani moja. Kwa sonara, wapi!

Nusu dola ina kisa chake. Rais John Kennedy aliuawa Novemba 1963, na Machi mwaka uliofuata sura yake ikatoka kwenye sarafu hiyo. Watu wakazichukua kwa mapenzi na majonzi, wakazifungia kwenye madroo. Hazikuzunguka tena kama zamani. Wenye madroo wakazeeka, wakafariki. Watoto na wajukuu wakasafisha nyumba, wakakuta kopo la sarafu, wakalipeleka benki bila kuuliza. Hivyo ndivyo fedha ya mwaka 1964 inavyoingia kwenye bunda leo. Ndiyo maana mpekuzi hufurahi akipewa bunda lililofungwa kwa mkono na mteja kuliko lililotoka mashineni.

Sasa mtazame akiwa kazini. Hamwagi sarafu mezani ovyo. Anachana karatasi, anazilaza kwa safu, na kitu cha kwanza anachokiangalia ni ukingo, wala si sura. Sarafu za kawaida zinaonyesha mstari wa rangi ya shaba katikati. Yenye asilimia 90 ya fedha ni nyeupe tupu, na katika safu nzima ya mistari ya kahawia inajitangaza yenyewe. Ile ya asilimia 40 ndiyo inayompima fundi: ukingo wake ni wa kijivu, umefifia, na mwenye haraka huipita. Anaichomoa, anausoma mwaka, na kama bado ana shaka anaidondosha mezani aisikilize. Fedha hulia mlio mrefu; ya shaba na nikeli hutoa kishindo kifupi, basi.

Senti tano haikubali ujanja huo wa ukingo, na kwangu mimi ndiyo sarafu tamu kuliko zote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nikeli ilihitajika kwa zana za vita, hivyo kuanzia Oktoba 1942 hadi 1945 senti tano zilitengenezwa kwa shaba, manganizi na asilimia 35 ya fedha. Ili ziweze kutambulika na kuondolewa vita vikiisha, ziliwekewa alama: herufi kubwa ya kiwanda, P, D au S, nyuma ya sarafu, juu ya kuba la nyumba ya Rais wa zamani Thomas Jefferson. Hazikuondolewa zote. Mpaka leo hujitokeza kwenye mabunda zikiwa zimepauka, pengine nyeusi, na aliyezoea huishuku kwa weusi wake kabla hajaigeuza. Ana kwa ana na herufi ile, mtu amevishika vita kwa vidole viwili.

Kuna pia makosa ya kiwanda. Mwaka 1955 senti moja kadhaa zilipigwa Philadelphia zikiwa na maandishi na tarehe vilivyojirudia waziwazi, na baadhi ziliingia mitaani kwa njia ya pakiti za sigara: mashine ya kuuzia ilipokea senti 25, sigara ni 23, chenji ya senti mbili imebandikwa kwenye pakiti. Wavutaji wangapi walizitumia bila kuzitazama! Na miaka ya 2019 na 2020 serikali yenyewe iliachia robo dola zenye herufi W, za kiwanda cha West Point, milioni mbili kwa kila mchoro, ili kuwaamsha watu waangalie chenji zao.

Wapekuzi waungwana wana adabu. Wananunua kwenye tawi moja la benki na kurudisha kwenye jingine, ili karani asilemewe na mzigo aliokwisha kuutoa.

Kwetu Afrika Mashariki kisa ni kilekile. Shilingi ya kikoloni, ile yenye simba mbele ya milima, ilikuwa na robo ya fedha tangu 1921 hadi zile zilizopigwa mwaka 1946. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu, ingawa simba ni yuleyule. Kama bibi yako ana kopo la sarafu za zamani, mwombe mkae mzisome pamoja, mwaka kwa mwaka, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita.