Msanii haombi mrabaha, anaudai

Kuna sentensi ambayo nimeisikia redioni si mara moja: "Wasanii wanaomba walipwe mirabaha." Kisarufi haina dosari. Kimantiki imepotoka. Anayeomba hutaka hisani. Mwenye haki hudai.

Nomino mrabaha (wengine husema mrahaba) ina asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu faida. Si ujira. Ujira hulipwa kazi ikiisha, mkapeana mikono, basi. Mrabaha huifuata kazi kila inakotumiwa, hata mtunzi akiwa kaburini.

Usemi unaonikera zaidi ni "kuuza wimbo". Chukua kisa cha Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini aliyerekodi Mbube jijini Johannesburg mwaka 1939. Inaelezwa kuwa kampuni ya Gallo ilimpa shilingi 10 tu kwa haki za wimbo huo. Ulivuka bahari, na kufikia 1961 ulikuwa umevishwa maneno ya Kiingereza kule Marekani. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Mnamo 1994, Disney wakautia katika filamu ya The Lion King.

Hapo utasikia mtu akisema, "Lakini si alishauuza, jamani?" Haikuwa hivyo. Sheria ya Uingereza ya 1911, iliyotumika pia katika makoloni, ilisema kuwa haki alizotoa mtunzi zingewarudia warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Piga hesabu: 1987, miaka saba kabla ya filamu. Mauzo yenye kikomo namna hiyo yanakaribia zaidi kukodisha. Ni kwa hoja hii ambapo Disney walishtakiwa Afrika Kusini mwaka 2004. Mwaka 2006 pande husika ziliafikiana nje ya mahakama, na binti za Linda wakapata malipo ya nyuma pamoja na mrabaha wa siku za usoni.

Filamu hiyohiyo, bila shaka unakumbuka, ilitumia "hakuna matata" yetu. Msemo wa watu wote hauna mtunzi wa kwenda mahakamani. Mbube ulikuwa naye, tena anayejulikana kwa jina.

Kwa hivyo mwanahabari anayeandika kwamba mtayarishaji wa filamu "amenunua wimbo" atufafanulie: amepata idhini ya kuutumia katika filamu moja, au amekabidhiwa haki zote, na kwa miaka mingapi?