Njoro, Chapati Zetu Zilikoanzia

Jamani, nimefika Njoro! Miaka nenda miaka rudi nimepita Nakuru nikikimbilia Kericho, wala sikuwahi kukata kona. Najuta. Ni kilomita 18 hivi tu kutoka Nakuru mjini. Matatu inapanda, baridi inaingia dirishani, halafu ghafla ni ngano, ngano, ngano!

Jina ni la Wamaasai, lenye maana ya chemchemi. Mwaka 1904 wao wenyewe waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa kuwapisha walowezi, na hilo nililikumbuka kila nilipousifu uzuri wa mashamba haya. Mlowezi Lord Delamere akapanda ngano hapa, ugonjwa wa kutu ukaimaliza. Akapanda tena, akalipa wataalamu wamtafutie mbegu inayostahimili. Mwaka 1908 ikazaliwa kampuni ya Unga. Ndiyo, Unga hiyo hiyo ya dukani kwenu!

Na vita vya kutu havijaisha. Mkulima mmoja kando ya barabara, mzee mkarimu kweli, alinivunjia bua moja. "Pitisha kidole hapa," akaniambia. Kidole kikatoka na vumbi jekundu la matofali. Hiyo ndiyo kutu ya shina! Aina yake kali, Ug99, ilipoonekana Uganda mwaka 1998, dunia nzima ilishtuka, na ni katika kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, hapa hapa Njoro, ambako maelfu ya aina za ngano kutoka mataifa mbalimbali hupandwa makusudi katikati ya ugonjwa ili ijulikane ipi itasimama. Mkate wa watu wa mbali kabisa umepimwa kwenye udongo huu! Mbona hatuimbi habari hii?

Kisha kuna kasri la mlowezi mwingine, Lord Egerton, pale Ngata. Lilianza kujengwa mwaka 1938, likachukua miaka mingi. Wenyeji husimulia kwamba lilikuwa la kumvutia mchumba wake aliyekataa nyumba ya kwanza, naye akalikataa hata hili. Ukumbini kuna kinanda kikubwa cha mabomba, nami nilisimama mbele yake nikashindwa kusema neno. Mimi, lakini, kilichonigusa zaidi ni shule ya kilimo ambayo Egerton aliianzisha mwaka 1939, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Vijana wamejaa barabarani na vitabu vyao, mji mzima umechangamka.

Pango la Mto Njoro, ambako wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimbua mabaki ya watu waliochomwa na kuzikwa pamoja na shanga na mabakuli ya mawe, sikulifikia. Mvua ya milima ya Mau ilinikatiza, nikakimbilia hoteli moja ndogo karibu na stendi.

"Mama, naomba chapati mbili na minji."

Zikaja moto, zikichambuka tabaka kwa tabaka. Nikaongeza ya tatu.