Pambizo la kitabu ni la msomaji, si la mtahini pekee

KATIKA ofisi yetu mjini Ruiru, chai ya saa nne siku ya Ijumaa haina haraka ya chai ya Jumatatu. Kila wiki mmoja wetu huleta vitafunio kwa zamu: mahamri, sambusa, au nanasi lililonunuliwa Thika. Vijana huulizana tangu Alhamisi, "Kesho nani anatubuyia?"

Ijumaa iliyopita zamu ilikuwa yangu. Pamoja na mahamri, niliweka mezani nakala kuukuu ya Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka wa 1980. Nilikuwa nimeinunua kwa mchuuzi wa vitabu vilivyotumika mjini Thika. Mwenzetu wa idara ya uhasibu aliifungua, akaona jinsi kurasa zilivyojaa maandishi pambizoni, akaifunga upesi.

"Mwalimu, na hii uliilipia pesa? Mimi siwezi andika kwa kitabu. Hiyo ni kuharibu."

"Afadhali huyo ameandika," dada wa mapokezi akamjibu. "Wewe hapo unaipaka mafuta ya mahamri."

Tulicheka, lakini meza iligawanyika pande mbili hadi chai ikapoa.

Hoja ya mhasibu ina uzito. Tangu mwaka wa 2018, serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za upili za umma. Vitabu hivyo ni mali ya shule. Anayevitumia mwaka huu humwachia mwenzake wa mwaka ujao. Hali kadhalika, kitabu cha maktaba ya umma ni cha kila mkazi aingiaye pale. Anayekichorachora humlazimisha mwingine asome kwa macho yake. Hapo sina ubishi. Hata hivyo, nakala ya mtu binafsi ni jambo jingine. Kuhusu nakala hiyo, swali langu si iwapo aliandika, bali aliandika nini.

Nakala yangu ina mikono mitatu. Wa kwanza ni wa kalamu ya buluu. Huyu ameandika "kinaya", "tashbihi", "taswira" na "sadfa" karibu katika kila ukurasa. Pale Bwana Maksuudi anapompa mkewe Bi Tamima talaka, ameandika maneno mawili tu: "Maudhui: ndoa". Kisha akaendelea na safari yake.

Huku ni kusoma kwa kubandika majina. Kujua kwamba jambo fulani linaitwa kinaya si sawa na kujua kinaya hicho kinafanya kazi gani pale kilipo. Daktari anayetaja jina la ugonjwa bila kumgusa mgonjwa hatumwiti tabibu. Wala simlaumu mwanafunzi peke yake. Miongozo mingi ya vitabu vya kutahiniwa imemzoesha kwamba riwaya ni ghala la mbinu za lugha, na kwamba kazi yake ni kuhesabu mali iliyomo kabla ya siku ya mtihani.

Mkono wa pili ni wa penseli. Katika ukurasa uo huo wa talaka, umeandika: "Huyu mzee ako na roho gani kweli? Na mama mbona amenyamaza?"

Mkono wa tatu ni wa wino mwekundu, na nashuku ni wa mwalimu. Umekata maneno "ako na", ukaandika juu yake "ana". Basi. Hakuna kingine.

Kisarufi, wino mwekundu uko sahihi. Katika Kiswahili sanifu tunasema "ana roho gani", na hata mahali tunasema "yuko", si "ako". Mimi mwenyewe ningekata alama katika insha. Lakini pambizoni si kwenye insha. Mwenye penseli hakuwa akimwandikia mtahini. Alikuwa akizungumza na kitabu kwa lugha anayofikiria nayo, ile inayosikika katika matatu za Githurai na kwenye meza ya chai. Amemshtaki Maksuudi, kisha akageuka kuhoji ukimya wa Tamima. Maswali hayo mawili yanakaribia kiini cha riwaya kuliko majina yote ya buluu. Ni uhakiki. Mwenye wino mwekundu aliyapita akaenda kukamata kosa la herufi chache.

Mazoea ya kuandika kandokando ya matini si mageni kwetu. Neno la Kiarabu hashiya lina maana ya ukingo, na pia ya maelezo ambayo wanazuoni waliandika ukingoni mwa vitabu. Tazama pia ushairi wa Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka wa 1890, alimsaidia mmishonari W. E. Taylor kuyakusanya mashairi hayo na kuyafafanua. William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mwaka wa 1940. Bila ufafanuzi wa msomaji kama Sikujua, aliyeijua Mombasa na mafumbo yake, beti nyingi zingetufikia zikiwa zimefungwa kwa kufuli.

Mbali na pwani yetu, katika gereza la Robben Island, mfungwa Sonny Venkatrathnam aliwazungushia wenzake kitabu cha tamthilia za Shakespeare, kila mmoja atie sahihi kando ya maneno yaliyomgusa. Nelson Mandela alitia sahihi yake Desemba 16, 1977, katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1963. Sahihi hiyo haikutaja tamathali yoyote ya usemi. Ilionyesha tu kwamba mtu mmoja, mahali pale, alisimama penye maneno yale.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa walimu wa fasihi. Kitabu kikiwa cha shule, mpe mwanafunzi kipande cha karatasi akiweke katikati ya kurasa. Kikiwa chake, mwachie penseli. Mtake aandike swali moja kwa kila sura, kwa Kiswahili alicho nacho. Usanifu utafuata atakapokaa kuandika jibu lake kwa ukamilifu, maana hapo atakuwa na jambo la kusema na sababu ya kulisema vizuri. Anayeanza na majina ya mbinu huenda akapita mtihani. Nina shaka kama atarudi kununua riwaya nyingine kwa hiari yake, na hilo ndilo linaloua soko la vitabu vya Kiswahili nchini kuliko penseli yoyote.

Chini ya swali la Bi Tamima, ukurasa ule una nafasi tupu. Wino mwekundu ungetosha kuandika pale maneno mawili: "Wewe unaonaje?"