Mizani ya Mtafuta Vyura

Hapa Butembo, Kivu Kaskazini, mnunuzi wa dhahabu hadanganyiki na mng'aro. Huipima, huigeuzageuza, huipima tena, ndipo hutaja bei. Adabu hiyo nimeiona pia kwa watu wa ufundi mwingine: wanaomtambulisha chura wa miti ambaye sayansi bado haimjui.

Kazi yao huanza kwa sikio. Mvua ikikatika, dume huparamia kichaka kando ya kijito na kuita. Mtafutaji humfuata kwa tochi, akinyata, maana akiharakisha sauti hunyamaza. Akimpata humpiga picha angali hai, kwa kuwa rangi hufifia ndani ya alkoholi. Baadaye huchukua kipande cha ini kwa ajili ya DNA, hufunga namba mguuni, huandika mahali na mwinuko. Hupima mwili toka ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili. Hutazama visahani vya vidoleni, na jicho: mboni ya Leptopelis, jenasi ya vyura wa miti, husimama wima kama ya paka.

Hata hapo hatamki "mpya". Sharti kwanza awaamkie wazee, yaani vyura waliolala chupani katika makumbusho ya Ulaya. Leptopelis kivuensis, mwenye jina la Kivu yetu, aliandikwa na Ernst Ahl wa Berlin mwaka 1929. Anayedai kumpata mwingine lazima aonyeshe kwamba wake si huyo. Mwaka 2014 Frank Portillo na Eli Greenbaum walivuka kizingiti hicho kwa Leptopelis anebos wa Itombwe, Kivu Kusini. Anebos ni Kigiriki, asiyebalehe: ni spishi changa, iliyoachana na ndugu zake si zamani sana.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, mauaji yaliwaangukia wanavijiji wa Beni, jirani zetu, na hayajakoma. Kule mkulima huogopa shamba lake mchana. Nani atainama kijitoni na tochi saa nne za usiku? Ufundi unaoishi kwa usiku umenyang'anywa usiku.

Jioni ya mvua, hapa Butembo tunawasikia vyura mabondeni. Huenda wote wamekwisha kuandikwa. Huenda mmoja hajaandikwa. Mnunuzi wa dhahabu angesema, leteni mizani. Mizani tunayo, na vijana wa kuishika wapo. Tunachodai ni usiku wa kutembea.