Kabari Kabla ya Jeki

Karavani ikishaegeshwa jangwani, wengi huchomoa viti, hufungua kinywaji baridi na kuligeukia jua linalozama. Mama ninayemwandika hapa huingia ndani kwanza. Hufungua friji, huweka pimamaji ndogo kama ya fundi mwashi kwenye sakafu ya sehemu ya barafu, kisha huinama kutazama kipovu. Kisipotulia katikati, mumewe haketi.

Sababu imo ndani ya friji yenyewe. Friji nyingi za karavani hazina kompresa. Kwa nyuma kuna ulimi mdogo wa moto wa gesi unaochemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa juu na kuwa kimiminika, kisha huteremka kupitia mabomba membamba huku ikinyonya joto la chakula. Hakuna pampu wala injini ndogo inayonguruma usiku. Kinachorudisha kimiminika chini ni uzito wake tu. Basi friji ikikaa upande, kimiminika hutuama pasipotakiwa, chungu cha kuchemshia hukauka na kuungua, na kifaa cha bei kubwa hufa taratibu bila kutoa sauti. Ni mtambo wa akili nyingi, lakini hausamehe.

Mama huyo alikuwa muuguzi, mumewe dereva wa basi la shule, huko Minnesota. Wamestaafu. Baridi ikianza kuuma hufunga nyumba na kuiteremkia Arizona na karavani ya mita saba hivi, ikivutwa na pikapu. Niliwafahamu kupitia binti yao, ambaye ni mwenzangu kazini hapa Phoenix, na wamenikaribisha kambini kwao zaidi ya mara moja. Mandhari ya jangwa yanasifiwa na kila mtu na sina la kuongeza. Kilichonishika mimi ni mikono yao.

Kituo chao cha kwanza huwa Quartzsite, mji mdogo kando ya barabara kuu ya Interstate 10, karibu na mpaka wa California. Wakazi wake wa kudumu hawafiki 3,000, lakini majira ya baridi wastaafu wa kaskazini humiminika hapo kwa makumi ya maelfu. Ardhi inayouzunguka mji ni ya serikali kuu, chini ya idara ya usimamizi wa ardhi, BLM, nayo imetenga eneo liitwalo La Posa kwa wakaaji wa muda mrefu, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kwa miaka mingi ada ya msimu mzima ilikuwa dola 180. Nje ya maeneo hayo ya kulipia, unaweza kukaa bure siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha uhame. Ulipoegesha hakuna bomba wala waya wa umeme. Ni changarawe na vichaka tu. Makaburini mwa mji kuna piramidi ya mawe yenye ngamia wa shaba juu yake, kaburi la Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa Marekani mwaka 1856 jeshi la nchi hiyo lilipojaribu kubeba mizigo jangwani kwa ngamia. Wamarekani walimwita Hi Jolly. Alikufa mwaka 1902, na nadhani angewaelewa hawa wazee kuliko wengi wanaowapita barabarani kwa kasi.

Kuegesha kwenyewe kuna utaratibu ambao sijaona wakiuruka. Mama hushuka na kuutembelea uwanja kwa miguu. Hutazama juu kama kuna tawi, hukanyaga ardhi kupima ugumu wake, na hukataa korongo kavu hata likiwa limelala sawasawa kama meza. Mvua ya mlima wa mbali inaweza kuleta mafuriko korongoni ilhali juu yako anga ni jeupe. Anachotaka ni changarawe iliyoshikamana, na nafasi ya kugeuza karavani ili madirisha makubwa yaelekee kusini wakati wa baridi, au ukuta wa friji uelekee kaskazini wakati wa joto, maana friji hiyo hutoa joto lake kupitia matundu ya ukutani na jua la alasiri huitesa.

Kisha kurudi nyuma. Anayevuta trela anajua kwamba usukani husema uongo: ukikata kulia, mkia huenda kushoto. Mzee hushika usukani pale chini kabisa, kwa mkono mmoja. Mkono ukiwa chini, ukiusogeza kulia mkia nao huenda kulia, na kichwa hakihitaji kufanya hesabu. Husogeza kidogo sana, husubiri karavani ijibu, kisha hufuata. Trela fupi hujikunja upesi kuliko refu, kwa hiyo papara inaadhibiwa mara moja. Mama huwa utingo wake, lakini si utingo wa kupiga bodi na kupaza sauti. Husimama pale anapoonekana kwenye kioo cha pembeni na kuonyesha kwa mkono mmoja tu. Sharti lao ni kwamba mzee asipomwona kiooni, hukanyaga breki papo hapo. Nimewaona wanandoa wengine wakitukanana mbele ya majirani kwa sababu ya mita mbili za kurudi nyuma. Hawa hawasemi neno, na kiburi changu ni kwamba nimejifunza kusoma ishara zao.

Ikishaingia mahali pake, husawazisha upande kwa upande kwanza, kwa kupandisha gurudumu la upande wa chini juu ya vipande vya ubao. Halafu huweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Ndipo wanapoitenga karavani na pikapu, na mwisho kabisa huinua au kushusha pua kwa jeki. Ukifungua ndoano kabla ya kabari, karavani yote inaweza kuondoka na kukuachia vumbi. Ukiinua pua kabla ya kusawazisha upande, utarudia kazi. Mama hugusa kila kabari kwa ncha ya kiatu hata kama ni yeye mwenyewe aliyeiweka.

Kuna maji pia. Tangi lao la maji safi hubeba lita 150 hivi. Mmarekani wa kawaida hutumia takriban lita 300 kwa siku nyumbani kwake. Hawa wawili huzivuta hizo 150 kwa siku kumi. Msomaji aliyekulia kwenye ndoo na kopo atauliza ajabu iko wapi, na ana haki. Lakini ugumu wa karavani hauko kwenye kuyapata maji peke yake. Uko pia kwenye pa kuyapeleka. Hairuhusiwi kuyamwaga ovyo, hivyo kila kikombe huhesabiwa mara mbili, kikiingia na kikitoka. Maji baridi yanayotangulia ya moto bafuni hukingwa kwenye jagi, na ndiyo yanayosukuma choo. Sahani hupanguswa kwa karatasi kabla ya kuoshwa ili mafuta yasiingie tangini. Sabuni hupakwa bomba likiwa limefungwa.

Na kwenye kituo cha kumwagia, ambako watu huharakisha kwa kuwa hakuna anayependa kuwa hapo, mzee huvaa glavu na kuchukua muda wake. Tangi la choo hufunguliwa kwanza, likiwa limejaa au linakaribia, ili yote yatoke kwa nguvu ya maji. Anayeacha vali wazi kila siku huona maji yakitoka na mengine yakibaki chini yakikauka kuwa rundo, na hiyo ni shida isiyosimuliwa wakati wa chakula. Baada ya choo hufunguliwa tangi la maji ya kuoshea, yenye sabuni, yakasafisha bomba njiani.

Umeme unatoka paani. Desemba jua la saa sita mchana huku halipandi zaidi ya nyuzi 33 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo paneli zikilala bapa hupoteza. Mzee huziinua zielekee kusini. Maharage hupikwa adhuhuri, betri zikiwa zimejaa; kahawa ya alfajiri ni ya gesi. Na usiku boneti ya pikapu huachwa wazi, maana panya wa jangwani hupenda kujenga kwenye injini yenye giza na kutafuna nyaya.

Machi ikianza kuipasha moto Quartzsite, iliyo kama mita 270 tu kutoka usawa wa bahari, wao hupanda. Kila mita 1,000 hupunguza nyuzi sita hivi za joto, na wao husafiri kwa kufuata kipimajoto kuliko ramani: kusini mashariki ya Arizona, kisha New Mexico, hadi milima ya Cloudcroft. Wakitaka kuuona mchanga wa jasi wa White Sands, lazima washuke barabara namba 82 kwenda Alamogordo, karibu mita 1,300 za mteremko ndani ya kilomita 26 hivi. Hapo mzee hufuata kanuni ya madereva wa malori: gia huteremshwa juu kileleni, kabla mlima haujaanza kukuchukua. Breki hukanyagwa kwa nguvu kidogo, kwa muda mfupi, kisha huachiwa zipoe. Ukizilalia njia nzima hunuka, halafu hazishiki. Uwanda mweupe huonekana mbali chini, na yeye hautazami.

Je, mama huutazama siku yake ya kushuka inapofika? La hasha: naye huwa ameshika usukani. Wanapokezana kazi makusudi. Mara nyingi huwa mbali sana na hospitali, na muuguzi hawezi kujidanganya kuhusu moyo wa mwanamume mwenye umri ule. Kwa hiyo mama anaweza kuvuta, kurudi nyuma na kumwaga matangi, na mzee anaweza kusoma pimamaji. Ila mzee ni utingo mbovu. Huonyesha kwa mikono miwili, hujisahau akasogea nje ya kioo, na humwita mkewe mpenzi wakati gurudumu linapanda jiwe. Mama hukanyaga breki, huzima injini, na hushuka kwenda kuangalia mwenyewe.