Bunda na Kiraka: Uhakiki wa Viambishi vya Mafaili ya Michezo ya Kompyuta

Utangulizi

Wahakiki tumezoea kuanza na anwani. Jina la kitabu, tunasema, ni mlango wa kuingilia katika kazi ya mtunzi. Sasa mimi nauliza: ikiwa anwani ina uzito huo, kwa nini tusiutazame na ule mkia wa herufi tatu unaofuata nukta katika majina ya mafaili ya michezo ya kompyuta? WAD, PK3, ESM, ESP. Anayecheza tu huviruka viambishi hivi, lakini anayeufungua mchezo ili aurekebishe hukutana navyo kila siku. Nadai kwamba ndani yake mna hoja ambayo darasani hatujaimaliza: nani ana haki ya kuitwa mtunzi, na nani ataitwa mtia viraka tu?

Fani

Tuanze na umbo. Mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwezi Desemba 1993, uliandikwa kwa ajili ya kompyuta za MS-DOS. Mfumo ule uliruhusu jina la faili liwe na herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu. Basi. Ndani ya faili lenyewe, kila picha, sauti au ramani ina jina lisilozidi herufi nane, na mstari wake katika orodha huchukua baiti 16 kamili. Nane na kumi na sita! Mshairi wetu wa mapokeo angejiona yuko nyumbani. Hiyo ni sadfa tu, lakini funzo la arudhi linabaki lile lile: nafasi ikibana, kila herufi hubebeshwa mzigo.

Herufi WAD, zilizotoka kwa Tom Hall, mmoja wa waasisi wa id, zilibebeshwa mizigo miwili. Kwanza, kwa Kiingereza neno hilo ni bunda, kama tunavyosema bunda la noti. Vitu vilivyomo ndani yake vikaitwa kwa neno lenye maana ya donge. Faili ni bunda la madonge. Hiyo ni lugha ya sokoni na jikoni, wala haina harufu ya uhandisi. Pili, herufi hizo huelezwa kuwa kifupi cha swali: "Data zote ziko wapi?" Hapo tunaona kitendawili ambacho jibu lake ni jina lenyewe. Ziko wapi? Zimo bundani.

Swali hilo lina historia. Katika Wolfenstein 3D, mchezo wa kampuni hiyo hiyo wa mwaka 1992, viambishi vilikuwa WL1, WL3 na WL6, vikihesabu tu mchezaji anazo sehemu ngapi za mchezo. Kiambishi kilikuwa risiti. Aliyetaka kubadili ukuta au adui ilimbidi aandike juu ya faili la asili. Katika Doom, John Carmack, mwandishi mkuu wa programu, aliitenga injini na data zake, na injini ikaweza kupakia bunda la pili juu ya la kwanza bila kuligusa. Toka hapo kiambishi kikawa mwaliko.

Maudhui

Mwaliko wenyewe lakini una masharti. Fungua bunda lolote la Doom, utazame baiti nne za mwanzo: utakuta IWAD au PWAD. Herufi I ni ya neno lenye maana ya "ndani". P ni ya neno lenye maana ya "kiraka". Bunda la kampuni ni la ndani. Bunda lako wewe mchezaji, hata ungelishughulikia miaka miwili bila kulala, ni kiraka. Na kiraka, kama tujuavyo, hushonwa kwenye nguo ya mwingine. Hakivaliwi peke yake. Doom ya majaribio, ile iliyogawiwa bure, ilikataa kabisa kupakia bunda la nyongeza na ikamtaka mchezaji akalipie kwanza.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi. Kichwa cha bunda kina baiti 12: aina yake, idadi ya madonge, na mahali orodha ilipo. Nafasi ya jina la mtunzi haipo. Ndiyo maana warekebishaji walizoea kuambatanisha faili la maandishi, lenye mkia wa TXT, wakijitaja humo. Washairi wetu wa tenzi hujitaja ndani ya beti zenyewe. Hawa walijitaja kwenye kikaratasi cha pembeni, ambacho mtu akikipoteza, utunzi unabaki yatima.

Sasa tutazame utendaji. Injini ikikuta madonge mawili yenye jina moja, hushika lile lililopakiwa mwisho. Yaani jina linampa kampuni ukubwa, lakini kanuni ya usomaji inampa kauli ya mwisho aliyekuja nyuma. Jina na tendo vinapingana, na mhakiki akiishia kwenye jina atakuwa amesoma nusu ya matini.

Ushahidi upo. Mwaka 1994 wapenzi wa mchezo waliandika wenyewe programu ya kuhariri ramani, DEU, na kazi zikaanza kumiminika. Mwaka 1995 kundi la TeamTNT lilikuwa karibu kugawa bure ramani zake 32. Id ikazinunua, na mwaka 1996 zikauzwa ndani ya Final Doom. Lifungue faili hilo, TNT.WAD, usome baiti nne za mwanzo. IWAD! Ni kweli, liliwekewa picha na sauti za mchezo wa asili ili lisimame peke yake. Lakini watunzi ni wale wale. Mkataba ndio uliowavusha kutoka P hadi I.

Wapo watakaosema: bwana, hizo ni herufi za kiufundi tu, kiraka hakiendi bila data za kampuni, na kuzigawa data hizo bure ni wizi. Nakubali nusu. Utengano ule ulilinda mali ya kampuni, na ulimwezesha mrekebishaji kugawa kazi yake bila kuiba ya mtu. Lakini hebu itazame Freedoom. Watu wa kujitolea wamechora upya kila picha, kila ramani, wakatengeneza na sauti zao, na mabunda yao yameandikwa IWAD. Kumbe "ndani" ni dai, na mwenye uwezo wa kulitimiza hulidai.

Mvutano huo huo umo katika Morrowind ya kampuni ya Bethesda, iliyotoka mwaka 2002. Kiambishi ESM kina M ya neno lenye maana ya bwana, mkuu. P ya ESP ni ya kitu cha kuchomeka. Bwana na kichomekwa! Hata hivyo tofauti yao ndani ya faili ni alama moja ambayo mrekebishaji anaweza kuigeuza. Tena hapa kichwa cha faili kina nafasi ya jina la mtunzi, herufi 32. Ni hatua ndogo, lakini aliyewahi kuona kazi yake ikizunguka bila jina hawezi kuidharau.

Kituko cha mwisho ni PK3 ya Quake III Arena (1999). Hilo ni faili la zipu lililobadilishwa mkia. Baiti zake mbili za mwanzo ni PK, herufi za Phil Katz, mbunifu wa zipu, aliyefariki mwaka 2000. Huyo hakungoja kikaratasi cha pembeni.

Hitimisho

Nasi tuna mabunda yetu. Tunaposema "matini asilia", "nakala", "mnukuzi", tunagawa vyeo kabla hatujasoma. Kiambishi kinatufundisha tuulize kwanza nani alitoa cheo, kisha tutazame nani ana kauli ya mwisho pale kazi inapofanya kazi. Na neno kiraka tusilionee haya. Magazeti yetu ya michezo humwita hivyo mchezaji anayeweza kuziba nafasi yoyote uwanjani, na kocha yeyote anamtaka.

Mwenye hoja ya kunipinga na ailete katika toleo lijalo. Ila aweke jina lake.